Shajara ya mradi: mrija wa sheria ya Charles, Tabora

Mei 26

Tunataka kifaa ambacho mwalimu wa fizikia anaweza kukitengeneza mwenyewe hapa Tabora, kinachoonyesha ujazo wa hewa ukiongezeka joto linapopanda, na kinachotoa namba zinazochoreka kwenye grafu bila kuzisukumasukuma. Sheria yenyewe ni ya zamani. Jacques Charles aliifanyia kazi Ufaransa mnamo 1787 hivi, miaka michache baada ya kurusha puto lake la haidrojeni (1783), ila hakuichapisha. Gay-Lussac ndiye aliyeichapisha mwaka 1802, naye akamtaja Charles. Gesi ikipanda joto kwa nyuzi moja huongezeka sehemu moja ya 273 ya ujazo iliokuwa nao kwenye nyuzi sifuri, mradi mgandamizo haubadiliki.

Kazi yote iko kwenye hayo maneno ya mwisho. Kupasha hewa hakumshindi mtu. Kuiacha itanuke bila kuibana ndiko kunakosumbua, na ndiyo maana bomba la sindano la plastiki, ambalo wengi hulikimbilia kwa kuwa linapatikana kila duka la dawa, tumeliweka kando. Chukua bomba ambalo pistoni yake ina eneo la sentimita 3 za mraba. Mpira wa pistoni ukishika kwa nyutoni 2 tu, hewa ya ndani inabeba mgandamizo wa ziada wa kilopaskali 6.7. Mgandamizo wa hewa ya Tabora ni takriban kilopaskali 88, kwa hiyo kosa ni zaidi ya asilimia 7. Hewa ikitoka nyuzi 25 hadi 85 hutanuka asilimia 20. Yaani msuguano peke yake unameza zaidi ya theluthi ya kile tunachotaka kupima. Tena mpira ukipata moto huvimba na kushika zaidi, kwa hiyo huwezi hata kuupima msuguano mara moja ukautoa kwenye hesabu. Bomba la sindano la kioo ni afadhali sana, lakini bei yake si ya shule nyingi.

Tunakwenda na mrija mwembamba wa kioo, upande mmoja umezibwa, ndani kuna safu ya hewa iliyofungiwa kwa kizibo kifupi cha mafuta. Mdomo wa juu uko wazi. Kizibo hupanda na kushuka chenyewe, na urefu wa safu ndio ujazo.

Juni 2: vifaa

Mrija wa kioo laini (kile cha kawaida cha maabara, si kioo kisichoogopa moto), tundu la milimita 1 hadi 1.5. Ukiwa mpana kuliko milimita 2, kizibo kinalala upande na kupitisha hewa. Ukiwa chini ya milimita 1, mafuta yananata na kizibo kinakwenda kwa kurukaruka. Urefu wa ndani milimita 130. Tunakata kwa tupa ya pembe tatu: mkwaruzo mmoja, si kusuguasugua, kisha unavunja huku mkwaruzo ukitazama mbali nawe.

Rula ya chuma ya sentimita 15. Ya plastiki hujikunja kwenye maji ya moto na vipimo vinahama. Mrija unafungwa kwenye rula kwa vipande viwili vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kama pete. Uzi ukilowa hulegea.

Chupa ya kioo ya mdomo mpana, ndefu kuliko safu ya hewa. Chupa za maji za plastiki zilizokatwa hazifai, maana zinaanza kulegea kabla maji hayajafika nyuzi 80. Thermometa, waya wa kukorogea uliopindwa duara chini, sufuria ya mchanga mkavu, jiko la mkaa.

Zebaki hatuigusi. Vitabu vya zamani huitumia kama kizibo, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanayo, lakini mvuke wake ni sumu, na hapa tungekuwa tunaipasha mbele ya watoto. Vitabu vingine hutumia asidi kali ya salfuriki, ambayo hukausha hewa yenyewe. Inafanya kazi vizuri, ila mrija ukipasuka ni majeraha. Kuna pendekezo linalorudi kila mara la kutumia asidi ya betri badala yake. Hapana. Asidi ya betri sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo badala ya kukausha hewa inailetea mvuke.

Juni 5: kuziba chini

Moto wa gesi wenye hewa ya kutosha, ule wa buluu, unayeyusha kioo laini. Shika mrija kwa ulalo, zungusha bila kusita, ncha ikae kwenye sehemu ya juu ya ule ulimi wa buluu. Kioo hujikusanya chenyewe na kuziba. Usipozungusha, upande mmoja hushuka na kuacha tundu dogo lisiloonekana kwa macho. Jaribio: uzamishe mrija wa baridi kwenye maji ya moto, ncha iliyozibwa ikiwa chini na mdomo wa juu ukiwa umebanwa kwa kidole. Ukiona kiputo kinatoka chini, rudia kuziba.

Gundi ya epoksi ni njia ya mkato na ina gharama yake. Nyingi zinalainika kuanzia nyuzi 60 hivi, ndipo safu inaanza kupoteza hewa taratibu. Dalili yake ni kwamba ukirudi nyuzi 25 safu inakuwa fupi kuliko ilivyoanza. Kama huna gesi, tumia epoksi lakini usivuke nyuzi 55.

Ncha iliyozibwa kwa moto haiishii bapa, inachongoka kidogo ndani, na hapo kuna mtego. Ukipima kuanzia ncha ya nje ya kioo unaongeza unene wa kioo kama hewa. Milimita 2 za ziada kwenye safu ya 80 zinasogeza jibu la sifuri kabisa (joto ambalo ujazo ungefika sifuri, mstari wa grafu ukirefushwa) kutoka hasi 273 hadi kama hasi 281. Pima kuanzia pale tundu linapoanza kuwa na upana wake kamili, kisha ongeza theluthi ya urefu wa sehemu iliyochongoka, kwa kuwa pia ina ujazo wa theluthi ya mrija wa urefu huo.

Juni 9: mafuta

Mafuta ya cherehani. Ni mepesi, hayagandi kwenye barafu, hayana maji, na kila fundi nguo anayo. Ubaya wake ni kwamba hayaonekani, kizibo kwenye mrija ni kama hakipo.

Mawese yanayoletwa na treni kutoka Kigoma yana rangi nzuri kuliko wino, lakini yenyewe hayafai kuwa kizibo: asubuhi ya Juni hapa Tabora yameganda nusu, na kizibo kinasimama hata hewa ikitanuka. Kinachofaa ni kuchanganya. Kijiko kimoja cha mawese yaliyopashwa kwa vijiko vitano vya mafuta ya cherehani, koroga, acha yalale usiku mzima. Mashapo meupe ya mafuta yaliyoganda hukaa chini, juu yanabaki mafuta ya rangi ya machungwa. Chota ya juu tu. Kabla ya kutumia, yapashe hadi yaache kutoa viputo, maana mawese ya sokoni huwa na maji kidogo, na maji ndiyo adui tutakayemrudia.

Kizibo cha milimita 10 cha mafuta haya kinaongeza mgandamizo wa paskali 90 hivi, karibu sehemu moja ya elfu ya mgandamizo wa hewa. Tena hauongezeki wala haupungui mrija ukikaa wima. Ndiyo sababu mrija usilazwe katikati ya kazi.

Juni 11: kufungia hewa

Mchanga kwenye sufuria, juu ya mkaa, hadi nyuzi 200 hivi. Chomeka mrija, ncha iliyozibwa chini, dakika tano. Ushike kwa koleo, ugeuze, mdomo uingie kwenye mafuta yaliyopashwa moto kidogo (mafuta ya baridi kabisa yanaweza kupasua kioo kinene). Hewa inapopoa inavuta mafuta juu. Yakifika milimita 10, toa mdomo kwenye mafuta na uusimamishe mrija, kizibo kitaendelea kushuka hadi hewa ifikie joto la chumba.

Urefu wa safu unaamuliwa na joto la mrija wakati mdomo unagusa mafuta. Kwa mrija wa 130 uliogusa kwenye nyuzi 200, safu itakuwa kama milimita 82 kwenye nyuzi 25. Ukichelewa na mrija ukapoa hadi 150, itakuwa kama 92. Bado inatosha, kwa sababu kwenye nyuzi 85 itafika 110, na kizibo kitabaki ndani. Ukichelewa zaidi, kizibo kitamwagika juu kwenye maji ya moto.

Mrija ukitoka na viputo katikati ya kizibo, usihangaike kuvitoa. Safisha kwa petroli, kausha, anza upya.

Juni 12

Thermometa. Tumezikagua kwenye barafu iliyopondwa na kwenye maji yanayochemka. Angalizo kwa yeyote atakayefanya hivyo hapa: Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Thermometa inayoonyesha 96 ni nzima. Inayoonyesha 100 ndiyo ya kutilia shaka. Kigoma mjini, pale ziwani, ni kama 97.

Juni 16: usomaji

Maji ya nyuzi 88 kwenye chupa (chupa ipashwe kwanza kwa maji ya vuguvugu). Mrija na rula viingie hadi sehemu yote ya hewa izame, ikiwa ni pamoja na ile itakayotanuka, mdomo ubaki juu ya maji. Safu ikichomoza milimita 20 juu ya maji ya nyuzi 80, na sehemu hiyo ikawa na nyuzi 40, usomaji unapungua kwa milimita 2 na nusu hivi. Balbu ya thermometa ikae katikati ya safu, si chini ya chupa.

Tunasoma maji yakipoa, si yakipanda. Sababu ni mbili. Maji yakiachwa yapoe hubadilika taratibu na hewa ya ndani inapata muda wa kuyafuata. Jiko linaposukuma joto, maji ya chini huwa ya moto kuliko ya juu na hewa inabaki nyuma. Ya pili ni mafuta yenyewe: kizibo kikishuka hupita kwenye ukuta uliokwisha kulowa, basi hakinati. Koroga juu na chini, gonga rula kwa ukucha mara moja, soma ukingo wa chini wa kizibo jicho likiwa usawa nao.

Mrija namba 3:

nyuzi 85: mm 101.0
nyuzi 70: mm 96.5
nyuzi 55: mm 92.5
nyuzi 40: mm 88.0
nyuzi 25: mm 84.0

Mstari unaopita vizuri zaidi kwenye nukta hizi unapanda milimita 0.283 kwa kila nyuzi, na ukirefushwa kushoto unakata mhimili wa joto kwenye hasi 271. Tusijisifu sana kwa hilo. Tunasoma kwa nusu milimita, tunapima upana wa nyuzi 60, kisha tunarefusha mstari kwa zaidi ya nyuzi 290. Kwenye safu ya milimita 80, usomaji wa juu ukikosewa kwa milimita 1 tu jibu linahama kati ya hasi 256 na hasi 293. Mwanafunzi aliyepata hasi 260 amefanya kazi nzuri, na aliyepata hasi 273 kamili aulizwe maswali mawili matatu.

Kwa hesabu ya darasani ni bora kuanza na uwiano. Kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri kabisa, yaani nyuzi ukiongeza 273. Nyuzi 85 ni Kelvini 358, nyuzi 25 ni Kelvini 298, 358 kwa 298 ni 1.20. Safu: 101.0 kwa 84.0 ni 1.20. Grafu ifuate baadaye.

Juni 24: mrija namba 5

Namba 5 unatoa vipimo vya ajabu. Safu ilikuwa milimita 80 kwenye nyuzi 25. Kwenye 40 ni 88 badala ya 84, kwenye 50 ni 97 badala ya karibu 87, na kabla ya nyuzi 70 kizibo kimetoka. Grafu haipandi kwa mstari, inajipinda juu.

Kuna tone la maji ndani. Halionekani kirahisi, linajibandika kwenye ile ncha iliyochongoka. Sababu ya mpindo huu ni kwamba hewa ya ndani haijazi mgandamizo wa kilopaskali 88 peke yake, inagawana na mvuke wa lile tone. Kwenye nyuzi 25 mvuke unachukua kilopaskali 3.2. Kwenye 50 unachukua 12.3, kwenye 70 unachukua 31. Hewa kavu inabaki na 84.8, kisha 75.7, kisha 57, basi inalazimika kutanuka zaidi ili kulingana na nje. Kwa hesabu hiyo safu ya 80 inapaswa kufika 97 kwenye nyuzi 50 na 137 kwenye nyuzi 70, ambayo mrija wetu hauna nafasi yake. Ukichora mstari kwa nukta za 25 na 50 peke yake unapata sifuri kabisa kwenye hasi 93 hivi.

Huku juu tunaumia kuliko watu wa pwani. Mvuke wa nyuzi 50 ni uleule Dar es Salaam na Tabora, lakini pwani unakatwa kwenye 101, hapa unakatwa kwenye 88.

Hapa vitabu vingi vinachanganya mambo. Huambiwa "hewa iwe kavu" kana kwamba unyevu wowote ni kosa. Mvuke ambao tayari ni gesi, bila tone, hutanuka kama hewa nyingine yoyote, na ukipasha tu haukuharibii kitu. Shida ni maji yanayobadilika kuwa mvuke, au mvuke unaobadilika kuwa maji, ndani ya mrija. Hapo kiasi cha gesi hakibaki kilekile na sheria ya Charles haihusiki tena. Kwa hiyo mrija uliooshwa kwa maji usitumike siku hiyo. Ukauke kwenye mchanga wa moto, mdomo juu, hadi hakuna ukungu mdomoni.

Julai 8

Mgandamizo wa hewa wenyewe hupanda na kushuka kila siku: juu karibu saa nne asubuhi, chini karibu saa kumi alasiri. Tofauti ni sehemu chache za kumi za kilopaskali, na kwenye safu ya 90 ni kama theluthi ya milimita. Simu zenye kipima mgandamizo zinaonyesha vizuri. Ukimaliza usomaji ndani ya saa moja huna haja ya kuhangaika. Ukisoma nusu asubuhi na nusu jioni, sahihisha.

Novemba 18: mvua na barafu

Walimu waliomba nukta ya nyuzi sifuri, kwa kuwa ndiyo inayofanya ile "sehemu moja ya 273" ieleweke. Barafu za vifuko zipo kila duka lenye friji. Zipondwe, maji kidogo yaongezwe, mrija ukae dakika kumi.

Mirija iliyofungwa Juni, hewa ikiwa kavu, inakaa vizuri, inapungua nusu milimita tu chini ya mstari. Mirija mipya iliyofungwa mwezi huu, mvua zikiwa zimeanza, inashuka mno: safu ya 80 inakwenda karibu 71.8 badala ya 73.3. Milimita moja na nusu, na ukichora mstari kati ya sifuri na 25 unaangukia hasi 220.

Ni lile jambo la mrija namba 5, safari hii kwa kinyume. Hewa ya siku ya mvua ambayo umande wake huanza kwenye nyuzi 20 ina mvuke wa kilopaskali 2.3. Ukiipoza hadi sifuri, mvuke unaoweza kubaki ni 0.6 tu, kilichozidi kinakuwa umande kwenye kioo. Karibu asilimia 2 ya gesi imetoweka. Kupasha mrija kwenye mchanga hakusaidii hapa. Moto unatoa matone, lakini hewa inayobaki ina uwiano uleule wa mvuke na hewa ya nje.

Dawa ni vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio. Kusanya kama ishirini, vipasue, punje zikaangwe kwa moto mdogo sana saa moja zitoe maji zilizonyonya, kisha ziwekwe kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na mirija iliyo wazi. Usiku mmoja unatosha na kuzidi, kwa kuwa mvuke husambaa kutoka kwenye mrija wa urefu huu kwa robo saa hivi. Asubuhi, toa mmojammoja, moja kwa moja kwenye mchanga wa moto. Hewa ya ndani inatoka, ya nje haiingii, kisha mdomo kwenye mafuta. Mirija iliyofungwa hivyo inasoma 73 hadi 73.5 kwenye barafu hata siku ya mvua kubwa.

Novemba 27: toleo la chupa

Kwa shule isiyo na mrija mwembamba wa kioo wala moto wa gesi, tunaandaa toleo la pili. Chupa ya maabara ya mililita 250, kavu kabisa, kizibo cha mpira chenye mrija mfupi na kipande cha bomba la dripu juu yake. Izamishwe hadi shingoni kwenye maji yanayochemka dakika kumi, bomba likiwa wazi. Libane kwa kibanio, toa, pindua chupa ndani ya ndoo ya maji ya nyuzi 25, fungua kibanio chini ya maji.

Maji yanaingia. Kabla ya kubana tena, chupa iinuliwe au ishushwe hadi maji ya ndani yawe usawa na ya ndoo. Hatua hii ndiyo inayoshikilia mgandamizo, na ndiyo inayorukwa. Tofauti ya sentimita 10 ni kilopaskali 1, zaidi ya asilimia moja ya ujazo.

Charles peke yake anasema zingeingia mililita 48: 250 kwa 298 kugawa kwa 369 ni 202. Lakini hewa iliyokuwa kavu sasa imekutana na maji, na mvuke wa nyuzi 25 unadai nafasi yake, kwa hiyo zinaingia kama 40 na nusu. Mwalimu asiyejua hili ataona amepungukiwa mililita 7 na nusu na atalaumu kizibo. Karatasi ya maelekezo itakuwa na jedwali la mvuke kuanzia nyuzi 20 hadi 32, nyuzi mojamoja, likiwa limebandikwa ndani ya kifuniko cha boksi.

Bado: kutafuta bomba la dripu lisilolegea kwenye maji ya nyuzi 96. Yaliyopo yanakuwa laini na kibanio kinayakata.